Matokeo na Takwimu za Shule za Msingi za Umma Vijijini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa wajumbe wa kamati za shule, wazazi, walimu, madiwani na yeyote anayeshika karatasi ya matokeo ya darasa la saba na kutaka kujua inasema nini hasa kuhusu shule za halmashauri ndogo ya kijijini, Tanzania Bara. Msimamo wetu ni kwamba watoto wahesabiwe kwanza, alama baadaye. Asilimia ya ufaulu isiyotaja idadi ya walioanza darasa la kwanza ni nusu ya habari, na mara nyingi ni ile nusu inayopendeza. Hesabu za mifano humu ni za kubuni, zimewekwa ili njia ionekane.

Nitayapata wapi matokeo ya shule moja moja?

Kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Fungua sehemu ya matokeo, chagua PSLE, yaani mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, chagua mwaka, kisha mkoa, halmashauri, na mwisho shule. Namba ya shule huanza na herufi PS, zikifuatiwa na tarakimu mbili za mkoa, mbili za halmashauri na tatu za shule yenyewe. Angalia sana namba hiyo, usitegemee jina. Shule zinazoitwa Azimio, Majengo, Muungano au Mwenge ziko nyingi, wakati mwingine mbili ndani ya mkoa mmoja. Tena halmashauri ikigawanywa, shule inaweza kupewa namba nyingine, na anayetafuta matokeo ya miaka ya nyuma akadhani shule haikuwepo.

Ukifika kwenye ukurasa wa shule, usikimbilie majina. Tazama kwanza idadi ya waliosajiliwa na ya waliofanya mtihani. Pili, mchanganuo wa madaraja kwa wasichana na wavulana. Tatu, wastani wa shule. Nne, jedwali la masomo linaloonyesha wangapi walipata A hadi C katika kila somo. Hilo la nne ndilo lenye faida kubwa kwa kamati ya shule, na ndilo wengi hawalifikii.

Kufaulu darasa la saba maana yake nini?

Masomo ni sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, jumla 300. Kwa somo moja, 41 hadi 50 ni A, 31 hadi 40 ni B, 21 hadi 30 ni C, 11 hadi 20 ni D, na 0 hadi 10 ni E. Kwa jumla, A ni 241 hadi 300, B ni 181 hadi 240, C ni 121 hadi 180, D ni 61 hadi 120, na E ni 60 kushuka chini. Aliyepata A, B au C ya jumla amefaulu.

Chukua mtoto mwenye Kiswahili 38, Uraia 30, Maarifa 25, Sayansi 18, Kiingereza 6 na Hisabati 4. Jumla ni 121. Amefaulu, na mwezi wa Januari atakaa kwenye dawati la kidato cha kwanza ambako masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, lugha aliyopata E. Hakuna kosa lolote katika kuhesabu huko; kanuni inaangalia jumla. Lakini mzazi anayesikia “shule imefaulisha asilimia 85” ana haki ya kuuliza swali la pili: wangapi wamepata angalau C katika Hisabati, na wangapi katika Kiingereza?

Ukilinganisha na miaka ya zamani, kumbuka kwamba kabla ya Uraia na Maadili kuongezwa masomo yalikuwa matano na jumla ilikuwa 250. Usiweke wastani wa 140 wa wakati huo kando ya 140 wa sasa ukadhani shule imesimama palepale. 140 ya 250 ni asilimia 56, na 140 ya 300 haifiki asilimia 47.

Shule yetu imeshuka kutoka asilimia 90 hadi 60 kwa mwaka mmoja. Walimu wameharibu?

Huenda, lakini namba hiyo peke yake haithibitishi. Shule yenye watahiniwa 15 ina uzito wa karibu pointi 7 kwa kila mtoto mmoja. Mmoja akiugua malaria wiki ya mtihani, wawili wakiwa wamehamia muhula wa pili kutoka shule isiyo na mwalimu wa Hisabati, mmoja akifiwa, tayari pointi 27 zimeondoka bila mwalimu yeyote kubadili chochote.

Kwa lugha ya hesabu, shule ya watahiniwa 15 ambayo kiwango chake halisi ni asilimia 80 inaweza kuonekana popote kati ya 60 na 100 kwa tofauti za kawaida za mwaka hadi mwaka. Ukiunganisha miaka mitatu na kupata watahiniwa 45, mtawanyiko huo unapungua hadi kati ya 68 na 92. Bado ni mpana, ila sasa unaweza kuanza kuzungumza. Kwa shule yenye watahiniwa 150 kwa mwaka, kushuka kwa pointi 30 ni jambo zito linalotaka maelezo siku hiyohiyo.

Namna ya kuunganisha miaka ni hii: jumlisha waliofaulu, jumlisha waliofanya, kisha gawanya. Usichukue wastani wa asilimia. Tuseme 2022 walifaulu 9 kati ya 10, 2023 walifaulu 12 kati ya 24, na 2024 walifaulu 14 kati ya 16. Wastani wa asilimia tatu hizo ni karibu 76. Hesabu sahihi ni 35 kati ya 50, yaani asilimia 70. Tofauti inatokana na mwaka wenye watoto wachache kupewa uzito sawa na mwaka wenye watoto wengi.

Tunawasihi viongozi wa halmashauri wasimhamishe wala kumwaibisha mwalimu mkuu mbele ya kikao kwa sababu ya mwaka mmoja wa shule ndogo. Mwaka unaofuata shule hiyo itapanda kwa sababu zilezile zilizoishusha, na sifa ataipata aliyeletwa badala yake.

Kwa nini baadhi ya kurasa za zamani zinaandika “wanafunzi chini ya 40”?

NECTA ilikuwa ikizigawa shule katika makundi mawili kwa ukubwa: zenye watahiniwa 40 au zaidi, na zenye chini ya 40. Nafasi ya shule kihalmashauri, kimkoa na kitaifa ilihesabiwa ndani ya kundi lake. Ulikuwa uamuzi wenye busara, maana shule ndogo hujazana juu kabisa na chini kabisa ya orodha yoyote ya asilimia. Mtu aliyesema “shule yetu ilikuwa ya 3 kwenye halmashauri” bila kutaja kundi aliacha sehemu ya maana.

Mbona siku hizi hakuna shule kumi bora?

Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, NECTA ilieleza kwamba haitatangaza tena shule bora na wanafunzi bora. Halmashauri na kata nyingi zinaendelea kupanga shule kwenye vikao vyao vya tathmini. Ukipewa orodha ya namna hiyo, omba safu mbili ziongezwe: idadi ya waliofanya mtihani, na idadi ya walioanza darasa la kwanza miaka sita kabla.

Nitajuaje ni watoto wangapi walipotea njiani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, na jibu lake halipo kwenye tovuti yoyote. Lipo kwenye kabati la mwalimu mkuu.

Aliyefanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2024 bila kukariri darasa aliandikishwa darasa la kwanza mwaka 2018. Kwa hiyo chukua daftari la uandikishaji la 2018 na orodha ya watahiniwa ya 2024, uziweke pamoja mezani.

Tuseme 2018 waliandikishwa 41. Daftari la uhamisho linaonyesha 6 wamehama kwa barua na 3 wamehamia katika kundi hilo. Wanaopaswa kuwepo ni 38. Waliosajiliwa kwa mtihani ni 22, waliofanya ni 20, waliofaulu ni 18. Kwenye ukuta wa ofisi ya kata itaandikwa asilimia 90, yaani 18 kati ya 20. Ukihesabu kwa watoto 38 wa kijiji, ni asilimia 47. Namba zote mbili ni za kweli. Ya kwanza inawahusu waliobaki, ya pili inawahusu wote.

Kisha fuatilia wale 16 ambao hawakusajiliwa, jina kwa jina. Baadhi utawakuta darasa la tano au la sita kwa kuwa walikariri. Hao hawajapotea, ila wahesabu peke yao. Wengine walihama bila barua. Kila mwanafunzi ana namba ya PReM, yaani namba yake ya utambulisho kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, inayomfuata kutoka shule hadi shule, kwa hiyo mwalimu mkuu anaweza kuona kama mtoto amepokelewa kwingine. Waliobaki baada ya hapo ndio mdondoko wa kweli. Kwa shule ndogo kazi hii ni ya saa chache ikifanywa na mwalimu wa taaluma, mjumbe mmoja wa kamati na mwenyekiti wa kitongoji, kwa sababu mwenyekiti anazijua kaya.

Mambo matatu huvuruga hesabu hii. La kwanza ni wanaokariri: kundi la 2024 lina watoto walioanza 2017 au kabla, na ukiwachanganya utadhani mdondoko ni mdogo kuliko ulivyo. La pili ni shule shikizi, yaani shule ndogo ya madarasa ya chini iliyo chini ya shule mama. Watoto wanaosoma shikizi hadi darasa la pili au la nne kisha kuhamia shule mama wataonekana kama ongezeko la ghafla darasani, na kama daftari la shikizi halikuunganishwa, kundi linaweza kuonekana limekua badala ya kupungua. La tatu ni mwaka 2016. Elimu bila ada ilipoanza mwaka huo, uandikishaji wa darasa la kwanza uliruka, na watoto hao walifika darasa la saba 2022. Kitaifa waliofanya mtihani walitoka takriban milioni 1.1 mwaka 2021 hadi zaidi ya milioni 1.3 mwaka 2022, na ufaulu ukawa asilimia 79.62. Kundi la 2016 lilikuwa na watoto wengi wa umri mkubwa walioingia shule kwa pamoja. Usilitumie kama kipimo cha kawaida.

Waliosajiliwa 22, waliofanya 20. Wawili hao wana maana?

Sana. Usajili wa watahiniwa hufanyika mapema mwaka huohuo na mtihani ni Septemba. Asiyetokea mara nyingi ameacha shule katika miezi hiyo ya mwisho, baada ya miaka sita na zaidi ya kusoma. Kila jina la namna hii linastahili ziara ya nyumbani kabla ya Septemba, si maelezo baada ya matokeo.

Watoto wanaoacha shule vijijini huenda wapi?

Inategemea riziki ya mahali. Longido, Simanjiro, Kiteto na Ngorongoro, kiangazi kikikaza mifugo husogezwa na wavulana huifuata. Rejista ya mahudhurio itaonyesha pengo lilelile miezi ileile kila mwaka. Visiwa vya Ukerewe na mwambao wa Ziwa Victoria, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa mwezi giza, na asubuhi yake madawati ya wavulana wakubwa huwa matupu. Mwambao wa Bahari ya Hindi familia huenda dago, yaani kambi za muda za uvuvi. Urambo, Kaliua na Sikonge kuna msimu wa tumbaku, kuanzia kuchuma majani hadi kuyakausha. Chunya na Geita kuna machimbo. Wasichana, karibu kila mahali, huondoka kwa kazi za ndani mjini, kwa mimba na kwa ndoa.

Ndiyo maana utoro wa mwaka mzima ukiandikwa kama asilimia moja hausaidii kitu. Andika mahudhurio kwa wiki, kwa wasichana na wavulana mbali mbali, kwa darasa la nne hadi la saba. Mpango mzuri wa marudio au wa uji wa shule huwekwa kwenye wiki zenye pengo.

Msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Serikali ilitangaza hivyo Novemba 2021, na aliyekatisha masomo kwa sababu nyingine anaruhusiwa pia. Ambaye umri umempita sana anaweza kuingia kupitia MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, pale kituo kilipo. Kamati nyingi bado haziwaambii wazazi jambo hili.

Inawezekanaje uandikishaji ukawa zaidi ya asilimia 100?

Kuna viwango viwili. Uandikishaji wa jumla huchukua wanafunzi wote wa shule, wa umri wowote, na kuwagawanya kwa idadi ya watoto wa umri wa shule. Wakiwemo wa miaka 14 na 15 waliochelewa, kiwango kinapita 100 bila shida. Uandikishaji halisi huhesabu walio katika umri unaostahili tu, na huo haupaswi kupita 100. Ukipita, mara nyingi kasoro iko kwenye kigawanyo.

Kigawanyo hutokana na makadirio ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa msingi wa Sensa ya 2022. Kwa mkoa makadirio hayo hukaa sawa. Kwa kata moja yenye wahamiaji wa kilimo au mifugo yanaweza kuwa mbali na ukweli, na kadiri miaka inavyosogea kutoka sensa, ndivyo yanavyozidi kuwa mbali. Kwa kata, daftari la wakazi la kijiji na hesabu ya kaya kwa kaya vina thamani zaidi.

Takwimu za wanafunzi zinaonyesha makabila?

Hapana. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, na takwimu za shule nazo haziulizi. Utakuta jinsi, umri, darasa, ulemavu, uyatima, wanaokariri, walioacha na sababu zake.

Lugha ya nyumbani, hata hivyo, ina uzito darasani. Mtoto wa Kimasai, Kihadzabe, Kisukuma au Kiiraqw anayeingia awali bila Kiswahili anaanza kujifunza kusoma kwa lugha ambayo ndiyo kwanza anaisikia. Mwalimu wa awali na darasa la kwanza anaweza kuandika, kwa matumizi ya shule tu, wangapi waliingia wakiwa hawaelewi Kiswahili. Matokeo ya KKK ya darasa la pili, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, hayaeleweki bila taarifa hiyo.

Uwiano wetu wa mwalimu kwa wanafunzi ni mzuri. Mbona madarasa hayana walimu?

Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Shule ya wanafunzi 130 yenye walimu 4 ina uwiano wa 1 kwa 33. Kwenye jedwali la halmashauri inaonekana imetosheka, pengine hata imezidi. Lakini ina awali na darasa la kwanza hadi la saba: madarasa 8, walimu 4. Wakati wowote wa siku nusu ya shule haina mwalimu, na mwalimu mkuu akiitwa wilayani inakuwa zaidi ya nusu. Shule ya wanafunzi 900 yenye walimu 14 ina uwiano mbaya wa 1 kwa 64, lakini kila darasa lina mtu mbele.

Kwa shule ndogo, kipimo cha kufaa ni idadi ya walimu waliopo kazini ikigawanywa kwa idadi ya madarasa. Ikiwa chini ya 1, omba walimu kwa hoja hiyo na uiandike hivyo kwenye barua ya ikama, yaani ya mahitaji ya watumishi, kwa sababu hoja ya uwiano wa wanafunzi itakataliwa. Wakati mnasubiri, unganisheni madarasa kwa mpango: la kwanza na la pili chumba kimoja, la tatu na la nne chumba kimoja, kwa ratiba iliyoandikwa. Kuacha darasa la tano bila mtu ili wote walifundishe la saba hulipwa miaka miwili baadaye.

Hesabu pia walimu kwa somo. Shule yenye walimu 6 ambao hakuna anayejiamini kufundisha Hisabati ya darasa la sita ina upungufu ambao uwiano hautauonyesha.

Ruzuku inatosha?

Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubakizwa kwa ajili ya vitabu na 6,000 huingia akaunti ya shule, sawa na 500 kwa mwezi. Shule ya wanafunzi 130 hupata 65,000 kwa mwezi. Shule ya 800 hupata 400,000. Gharama nyingi hazipungui kwa kiasi hicho: nauli ya mwalimu mkuu kwenda makao makuu ya halmashauri ni ileile, kufuli la ofisi bei ileile, na mtihani wa majaribio unahitaji kuchapwa hata kwa watoto 15. Kwa hiyo shule ndogo huanza mwaka ikiwa nyuma. Kamati iweke hesabu hii wazi mbele ya mkutano wa kijiji kabla ya kuzungumzia michango ya hiari, na risiti zibandikwe.

Kwa nini idadi ya wanafunzi ya shule haifanani na ya halmashauri?

Mara nyingi ni tarehe. Fomu za takwimu za shule za msingi, TSM, hujazwa mara moja kwa mwaka kwa hali ya mwisho wa Machi, na ndizo zinazoingia kwenye vitabu vya takwimu za elimu vya TAMISEMI. Rejista ya Agosti itakuwa na idadi nyingine. Mara nyingine mwanafunzi aliyehama bado hajaondolewa na aliyehamia ameshaongezwa, kwa hiyo mtoto mmoja yuko shule mbili. Na kwa kuwa ruzuku hufuata idadi ya vichwa, kuna kishawishi cha kuacha majina ya walioondoka. Dawa ni kuhesabu waliokaa darasani siku tatu zisizotangazwa, kulinganisha na rejista, na kusahihisha kwenye mfumo mwezi huohuo. Wanafunzi hewa huharibu mpango wa walimu, vitabu na madawati, halafu huja kuonekana kama mdondoko mkubwa ambao haukutokea.

Wasichana na wavulana: tuangalie nini?

Angalia hatua tatu, si moja: walioanza, waliofanya, waliofaulu. Shule inaweza kuwa na wavulana wanaofaulu kwa asilimia 95 kwa sababu wamebaki 8 tu kati ya 20. Vyoo navyo viwemo kwenye jedwali: kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25.

Mtoto mwenye uoni hafifu anafanyaje mtihani?

Anapewa karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa na muda wa ziada: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Sharti awe amesajiliwa hivyo tangu mwanzo wa mwaka. Linaloharibika ni hapo hasa: shule haikumpima, ikamsajili kama wengine, na siku ya mtihani hakuna karatasi yake. Mpimeni macho na masikio kila mtoto wa darasa la sita, kituo cha afya kitasaidia.

Upimaji wa darasa la nne una uhusiano gani na haya yote?

Ni onyo la miaka mitatu kabla. Mtoto mwenye E ya Hisabati darasa la nne hatapona kwa kambi ya wiki sita darasa la saba. Wakati huohuo darasa la nne ni mahali ambapo wanaosuasua hukaririshwa, na kukariri mara ya pili kwa mtoto wa kijijini mara nyingi ndiyo safari ya kuacha shule. Shule ikiwa na la nne kubwa na la saba dogo mwaka baada ya mwaka, uliza kama wanafunzi dhaifu wanazuiwa wasifike kwenye mtihani ili asilimia ipande. Ni dhuluma kwa watoto, na huonekana wazi kwenye jedwali la idadi kwa darasa.

Mtihani wa majaribio unatabiri matokeo?

Kwa kiasi. Majaribio ya mkoa yana mizani bora kuliko ya kata, lakini ugumu hubadilika kila mara, hivyo usilinganishe wastani wa Mei na wa Julai. Linganisha mpangilio wa masomo: somo lililo la mwisho mara tatu mfululizo ndilo lenye tatizo. Wanaoukosa mtihani wa majaribio waandikwe kama wasiofanya, wasiwekewe sifuri wala kufutwa. NECTA hutoa pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zinazoonyesha swali kwa swali wapi watoto wa nchi nzima walikosea. Mwalimu wa Hisabati asiyeipata aiombe kwa Afisa Elimu Kata.

Wastani wa halmashauri yetu umepanda. Shule za umma zimepanda?

Si lazima. Orodha ya halmashauri inachanganya shule za umma na za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza. Halmashauri ndogo yenye shule 30 ikifunguliwa shule mbili za binafsi zenye bweni, wastani unaweza kupanda bila shule hata moja ya umma kusogea. Zitoe hizo, hesabu upya. Tena wanafunzi wa bweni wengi si watoto wa kata hiyo.

Naruhusiwa kudai takwimu za shule?

Ndiyo. Anza kwa mwalimu mkuu, kisha Afisa Elimu Kata, kisha Idara ya Elimu ya Awali na Msingi ya halmashauri, ambako yupo afisa anayeshughulikia vifaa na takwimu. Andika barua, taja mwaka, shule na jedwali unalotaka. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa hadi siku 30 kujibu. Omba idadi, usiombe majina. Na unapotangaza, kuwa mwangalifu: kwenye shule yenye wasichana watatu darasa la saba, kuandika “msichana mmoja aliacha kwa mimba” ni sawa na kumtaja. Kundi likiwa chini ya watoto 5, unganisha miaka au unganisha shule za kata.

Kamati iandae jedwali gani?

Karatasi moja, mistari mitano ya miaka, safu hizi: walioandikishwa darasa la kwanza miaka sita kabla, waliohama na waliohamia, wanaokariri waliomo kwenye kundi, waliosajiliwa, waliofanya, waliofaulu, wenye C na zaidi Hisabati, wenye C na zaidi Kiingereza, walimu waliokuwepo kazini mwezi Machi, na idadi ya madarasa. Kila safu ya watoto igawanywe wasichana na wavulana. Chini yake uwekwe mstari wa jumla ya miaka mitatu ya mwisho. Andika idadi kamili. Asilimia iwekwe kwenye mstari wa jumla peke yake. Nakala moja ibaki ofisini, moja iende kwa mtendaji wa kijiji, moja kwa Afisa Elimu Kata, na ijazwe upya kila Novemba matokeo yanapokuwa yametoka na daftari la uandikishaji la mwaka unaofuata linafunguliwa.